Mtaro uliokuwa ukijaa wenyewe, na nyumba yangu ya Kiogoro iliyokosa bei

Wakuu, nawasalimu wote kwa amani, wa juu na wa chini, wanaoandika na wanaosoma kimyakimya kama mimi.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Humu huwa nasoma tu. Leo naandika, na kabla ya kutuma nimemsomea mke wangu yote. Amesahihisha mahali pawili ambapo nilikuwa nimejipendelea. Kwa hiyo mnachosoma ni kweli, na hata mchungaji wangu akikipata hapa sitajificha.

Habari yenyewe ni ya barabara.

Si zile kubwa za serikali. Ni ile njia ya gari moja inayotoka kwenye lami kwenda kwenu, ambayo hakuna anayejua ni ya nani mpaka siku unapotaka kuuza nyumba. Najua wengi wenu mnajenga kwenye ploti. Someni taratibu.

Nyumba yetu iko Kiogoro, si mbali na mji wa Kisii. Niliinunua ploti wakati bado nashika chaki. Mwenye shamba alilikata vipande vinane, akaacha njia katikati, akapokea haki yake, akaenda zake. Njia ikabaki yetu sisi wanane. Tingatinga la kaunti likija kuchonga barabara za huku, hufika kwenye kona yetu na kugeuka. Dereva hutupungia mkono. Ni mtu mwema, lakini hajawahi kuingia.

Njia hiyo inateremka kutoka kwenye lami. Nyumba nne za juu ni za ndugu zetu Wakatoliki. Nne za chini ni sisi Wasabato. Hakuna aliyepanga hivyo. Kila mtu alipopata ploti alimwita rafiki yake wa kanisani aje anunue ya jirani, na mambo yakawa hivyo.

Tumeishi vizuri, namshukuru Mungu.

Sasa kwa nini niuze? Kwa sababu ya magoti ya mke wangu.

Mama Moraa ameteremka na kupanda njia hiyo miaka mingi, na ndoo, na gunia, na watoto mgongoni. Magoti yamechoka. Daktari alimwambia aache kutembea kwenye miteremko. Mke wangu akamuuliza, "Daktari, wewe unajua Kisii ni wapi hakuna mteremko?" Daktari akafikiri, akasema hajui.

Lakini sisi tulijua mahali pamoja. Binti yetu ameolewa Nyamira, na karibu na boma lake pana kipande kimetandaa kama meza, hatua chache tu kutoka zahanati. Mwenyewe yuko tayari kutuuzia. Mpango ukawa tuuze nyumba ya Kiogoro, tununue kipande kile, tujenge kanyumba ka vyumba viwili, mama apumzike. Bila kuuza hii, ile haijengeki. Pensheni yangu mnaijua, ni ya mwalimu.

Mnunuzi alipatikana haraka kuliko nilivyotarajia. Anaitwa Makokha, mwenyeji wa Magharibi, ameletwa na kazi mjini Kisii na anataka kutulia na familia yake. Mtu mpole. Anasikiliza zaidi ya anavyoongea. Alikuja siku moja ya katikati ya wiki, akaona tangi la maji, akaona maparachichi, akabisha ukuta kwa kidole, akaridhika. Tukapatana bei siku hiyo hiyo, tukaomba, akaondoka.

Wakati wa kuondoka gari lake lilikwaruza chini kwenye mtaro.

Nisimame hapa kidogo niwaeleze mtaro huo, maana ndiye mhusika mkuu wa uzi huu.

Maji ya mvua yanashuka na njia yetu kama mto. Sisi wa chini ndio tunaoyapokea. Siku moja yaliingia jikoni kwangu, yakabeba kandambili za mke wangu mpaka kwa jirani yangu Ombati. Basi sisi wanne wa chini tukakata mtaro mahali njia inapoanza kuinama, ukavuka barabara yote, ili maji yaende pembeni kwenye migomba ya Ombati. Ombati alifurahi. Migomba yake ilifurahi zaidi.

Lakini mtaro ule ulikuwa na tabia ya ajabu.

Ulikuwa unajaa.

Tunauchimba vizuri, magoti yanaingia yote. Baada ya wiki mbili tunaukuta umejaa mpaka juu, umeshindiliwa, kama hakujawahi kuwa na kitu. Tunauchimba tena. Unajaa tena. Ombati alisema ni malori ya mchanga ya watu wanaojenga. Mwingine akasema ni asili ya udongo wa huku.

Mimi nilikwenda mbali zaidi. Sabato moja nilipopangiwa kuhubiri, niliutumia mtaro huo kama mfano wa moyo wa binadamu. Unausafisha leo, nikasema, na baada ya wiki mbili umejaa takataka zile zile, na wewe huelewi zimetoka wapi. Kanisa zima lilisema amina. Ombati alitoa leso akafuta macho.

Mahubiri yale sijayarudia. Mtaona kwa nini.

Makokha alikuwa anachukua mkopo wa benki ili kununua, na benki haitoi mkopo kabla mthamini hajaiona mali. Mnaowajua wathamini mnajua. Ni watu wa kuandika tu, hawasifii chochote.

Makokha akanipigia simu. "Mwalimu, mthamini ana nafasi Jumamosi hii."

Nikamwambia, "Ndugu yangu, Jumamosi ni Sabato. Sifanyi biashara."

"Hutafanya biashara. Ataangalia tu barabara na mipaka kutoka nje. Nyumba tutaingia Jumapili ukiwa nyumbani."

Nikaona hilo halina dhambi. Nikaenda kanisani na moyo mweupe.

Sasa kuna jambo la kalenda, wakuu, na lazima mlijue. Sisi wanane tulikuwa na makubaliano ya kutunza barabara. Yameandikwa, tena kwa mkono wangu, kwenye daftari la mistari. Kila nyumba hutoa mtu mmoja na jembe. Wakatoliki hufanya kazi Jumamosi ya kwanza ya mwezi, sisi hufanya Jumapili ya wiki ya tatu. Ilibidi iwe hivyo, kwa maana siku ya mapumziko ya mmoja ndiyo siku ya ibada ya mwenzake. Na kulikuwa na kifungu nilichokipenda sana, kwamba hakuna atakayemsema mwenzake juu ya anachofanya katika siku yake. Hapo nyuma kulikuwa na maneno kidogo kuhusu kelele za majembe wakati wa ibada, na kifungu hicho kilileta amani.

Mwezi ule tulikuwa na makambi, ile mikutano yetu mikubwa ya kila mwaka, kwa hiyo tuliivuta Jumapili yetu ikaja mapema. Ikaangukia siku moja tu baada ya Jumamosi ya wenzetu.

Jumapili asubuhi, saa tatu, tulikuwa kwenye mtaro. Ulikuwa umejaa kabisa, udongo mbichi, na sisi tulikuwa tumeshauchimba nusu. Mimi niko ndani, jembe mkononi, jasho, tunaimba wimbo wa kazi ya Bwana. Nikasikia gari limesimama juu yetu. Makokha akashuka, na mthamini akashuka, kijana nadhifu mwenye viatu vya ngozi na faili.

Mthamini hakunisalimu. Alisimama ukingoni akauangalia mtaro. Akaniangalia mimi. Akafungua faili, akasoma kitu, akalifunga.

"Mzee, mnafanya nini?"

"Tunachimba mtaro."

"Huu huu?"

"Huu huu, kijana wangu. Huwa unajaa."

Akamgeukia Makokha. Makokha akatazama chini, amekaza midomo.

"Mzee," akasema mthamini, "jana saa hizi hapa hapa nilikuta wanaume watatu na mama mmoja wanauziba. Niliwasifu. Nimeandika kwenye ripoti kwamba wakazi wanatunza barabara."

Nikamwambia haiwezekani. Akatoa simu, akanionyesha picha. Nyakundi, jirani yangu wa juu, ameshika koleo. Mama Kemunto, nesi mstaafu, amesimama kwenye udongo ameinua mguu, anashindilia. Udongo wenyewe nikautambua. Ulikuwa ule ule tuliouacha pembeni kama tuta tulipochimba mara ya mwisho. Tulikuwa tukiona tuta linapungua, tukidhani watu wa kufyatua matofali wanalichota.

Mthamini alijaribu kujizuia. Kwa kweli alijaribu, alilelewa vizuri. Kisha akakaa kwenye boneti la gari, akacheka mpaka faili likaanguka ndani ya mtaro, na nikalazimika kumwokotea.

Miaka miwili na zaidi, wakuu. Sisi tunachimba, wao wanaziba. Kwa maombi, pande zote mbili.

Alipotulia aliuliza kama tuna makubaliano ya maandishi. Nikafurahi, hapo nilijua nimejiandaa. Nikateremka nyumbani na tope langu nikaleta daftari. Mke wangu alikuwa ameamka alfajiri kung'arisha vigae kwa ajili ya mgeni huyo. Akauliza, "Haingii?" Nikasema, "Bado yuko barabarani." Akatikisa kichwa.

Mthamini akasoma. Kwa vile lilikuwa nusu Ekegusii, lugha yetu, na nusu Kiswahili, nilimsaidia.

"Ukurasa wa kwanza ni nini?"

"Maombi ya kufungua."

"Ukurasa wa pili?"

"Siku. Nani anafanya kazi siku gani."

"Siku zimeandikwa vizuri sana," akasema. "Wafanye kazi gani?"

"Watunze barabara."

"Namna gani? Maji yaende wapi? Mtaro uwe wapi?"

Nikamwonyesha mstari. Umeandikwa kwamba barabara itatunzwa na wote kwa upendo.

Akauliza kwa upole, "Upendo wa upana gani, mzee?"

Nikaanza kujifuta tope mikononi.

"Na ukiuza, huyu bwana atafungwa na daftari hili?"

"Makokha? Yeye hakuwepo tulipoandika."

"Basi ndiyo shida," akasema. Akanieleza kwa maneno rahisi, na nitawaelezeni kama alivyonieleza. Benki haiogopi nyumba mbovu, kwa sababu nyumba mbovu inaonekana. Inaogopa njia isiyo na mwenyewe. Leo mnaelewana, kesho mmoja anauza, mwingine anarithiwa, wa tatu anagombana, na nyumba nzuri inabaki mahali gari halifiki. Makubaliano yakiwa ya watu, yanakufa na watu. Inatakiwa yafuate ardhi, ili yeyote atakayenunua anunue na wajibu huo pia.

Kisha akaingia ndani kwa mke wangu dakika kumi, akasifu vigae, akanywa chai. Barabarani alikuwa amekaa saa nzima.

Ripoti ilipofika, thamani ilikuwa imeshuka vibaya. Sitaki kutaja tarakimu. Niseme tu kwamba kwa bei hiyo tungeweza kununua kile kipande cha Nyamira na kukitazama. Kukijengea, hapana. Makokha alisema kwa masikitiko kwamba benki haitampa zaidi ya hapo, na yeye hana pa kuongezea. Alinipa mwezi mmoja nione la kufanya.

Jioni hiyo nilimwambia mke wangu habari ya Wakatoliki na mtaro. Nilidhani atashangaa.

Akasema, "Ee, huwa wanauziba."

"Ulijua?"

"Zile Sabato magoti yanaponishika nikabaki nyumbani, huwa nawaona dirishani. Mama Kemunto anaimba vizuri."

"Mama Moraa! Mbona hukuniambia?"

"Wewe si ulisema Sabato tusizungumze habari za watu?"

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine hukuniuliza."

Nilikwenda nikakaa nje kidogo. Kuna nyakati mtu anahitaji kukaa nje.

Kesho yake nilipanda kwa Nyakundi. Yeye husambaza mikate madukani kwa gari dogo lililokaa chini kama bata. Nikamweleza. Alinisikiliza, na uso wake ukawa unabadilika kila sentensi.

"Kwa hiyo ni wewe!" akapaza sauti. "Mwalimu! Bomba langu la moshi limeng'oka mara tatu! Mara tatu! Nilikuwa nalaumu watu wa mifereji ya maji, nikasema wanachimba kupitisha mabomba wanaacha wazi. Nimewaandikia barua!"

"Na wewe ulikuwa unaniingizia mto jikoni."

"Mto? Mimi nazibia wazee shimo wasivunjike miguu! Mke wako mgonjwa wa magoti, nikasema tumzibie!"

Hapo tukatazamana. Halafu akaanza kucheka, na mimi nikacheka, na mkewe akatoka jikoni kuona kama tumepatwa na ugonjwa.

Ndipo nikaelewa kwamba hatukukosa upendo. Upendo ulikuwa mwingi, ila kila mtu aliupeleka kwa jembe lake bila kumuuliza mwenzake.

Tuliitana wote wanane kwa Mama Kemunto. Aliandaa chai na ndizi za kuchemsha, na akaweka sharti kwamba hakuna atakayeongea na chakula mdomoni, kwa sababu alijua tutapigiana kelele. Suala la mtaro lilimalizwa upesi kuliko tulivyodhani. Tuweke kalvati. Bomba la saruji chini, udongo juu. Maji yapite chini kwenda kwenye migomba, gari la mikate lipite juu bila kuguswa. Ombati akauliza kama maji yatafika kwenye migomba yote au mingine itabaki na kiu. Tukamwambia atulie.

Wakuu, jambo hilo lilikuwa rahisi hivyo. Miaka miwili.

Kilichotushinda ni siku. Mthamini alikuwa amesisitiza kazi ifanywe na pande zote zikionana, tusije tukarudia mchezo ule. Basi tutafute siku moja ya wote.

"Jumatatu," akasema mmoja.

"Jumatatu nina soko."

"Jumanne."

"Jumanne mikate ni mingi."

"Jumatano?"

"Jumatano jioni tuna maombi," nikasema mimi.

"Mwalimu, kazi ni asubuhi!"

"Mtu akichimba asubuhi, jioni anasinzia kwenye maombi. Nawajua watu wangu."

Alhamisi wao wana jumuiya, sala zao za nyumba kwa nyumba. Mabishano yakaendelea mpaka ndizi zikaisha. Mwishowe tukaangukia Ijumaa ya mwisho ya mwezi, kuanzia saa nne asubuhi mpaka kazi iishe. Sisi tunahitaji kumaliza kabla jua halijazama, maana Sabato huanza hapo, wao hawana neno. Nyakundi akagonga meza. "Ijumaa haina mwenyewe," akasema. Tukapiga makofi. Tukaona tumefanya jambo ambalo hata viongozi wetu wakubwa wa dini wangetupongeza.

Kalvati likawekwa wiki hiyo hiyo, wote wanane ndani ya shimo moja. Wakili wa mjini akatuandikia makubaliano ya kweli, ya kuandikishwa kwenye hati za ardhi. Yanataja upana wa barabara, mitaro ya pembeni, kalvati na nani analizibua, mchango wa kila nyumba, na kwamba yeyote atakayenunua ploti yoyote kati ya hizo nane anaingia humo moja kwa moja. Neno upendo wakili aliliondoa. Nilimwomba alirudishe hata kwenye dibaji, akakataa.

Siku ya kutia sahihi tulikutana tena kwa Mama Kemunto. Makokha alikuja pia, kwa sababu mthamini alitaka mnunuzi aonyeshe kwamba ameyasoma na kuyakubali kabla ya yeye kuandika ripoti mpya. Mwezi alionipa ulikuwa umebaki siku tatu. Mke wangu alikaa karibu nami, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Alikuwa amekwishachagua rangi ya mlango wa Nyamira.

Tulitia sahihi wote wanane. Karatasi ikafika kwa Makokha. Akasoma kila mstari, taratibu, kama kawaida yake. Akachukua kalamu. Akaiweka chini.

"Wazee wangu, hapa pameandikwa Ijumaa, saa nne mpaka kazi iishe."

"Ndiyo," nikasema.

"Kazi isipoisha kabla ya saa sita?"

"Tunaendelea tu," Nyakundi akasema. "Ijumaa si ya mtu."

Makokha akatabasamu kidogo. "Ijumaa ni yangu mimi. Saa saba huwa niko msikitini."

Nilisikia kijiko cha mtu kikigonga kikombe.

"Wewe ni Mwislamu?" akauliza Ombati.

"Tangu nizaliwe."

"Mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza, mzee. Nimekunywa chai yenu, nimekula ndizi zenu, mmeombea chakula mara nne nikasema amina. Nilidhani mnajua."

Mke wangu alinitazama. Sitaeleza alivyonitazama. Wenye ndoa ya miaka mingi mtakuwa mmelijua jicho hilo.

Nyakundi akaanza kuhesabu kwa vidole. "Jumatatu soko. Jumanne mikate. Jumatano maombi. Alhamisi jumuiya. Ijumaa msikiti. Jumamosi Sabato. Jumapili misa." Vidole vikaisha kwenye mkono mmoja, akaingia wa pili, akabaki ameinua vidole saba hewani. "Bwana Mungu aliumba siku chache mno," akasema.

Makokha akaanza kusimama. "Sitaki kuwavuruga. Labda nitafute nyumba nyingine, kuna moja niliona upande wa Marani."

Niliona kile kipande kilichotandaa kikiondoka, na zahanati ikiondoka nacho. Nikaomba kimya, ombi fupi sana.

Mama Kemunto ndiye aliyeongea. Huyo mama alikaa wodini miaka thelathini, hashtuki haraka.

"Kaa chini, kijana," akamwambia Makokha. "Jumamosi wewe huwa wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Na Jumapili?"

"Nyumbani pia. Sina kazi siku hizo mbili."

Mama Kemunto akatuangalia sisi wazee mmoja baada ya mwingine, kama anavyoangalia mgonjwa aliyemeza dawa ya kupaka.

"Tumehangaika kutafuta siku," akasema, "na kumbe tulichokosa ni mtu."

Ilituchukua muda kuelewa. Nyakundi ndiye aliyeelewa kwanza, akapiga kelele hata mbwa wakaitikia. Wakatoliki wabaki na Jumamosi yao. Sisi tubaki na Jumapili yetu. Na Makokha, ambaye siku zote mbili yuko huru, awe msimamizi. Atayaona ya Jumamosi, atayaona ya Jumapili, na hakuna atakayechimba alichoziba mwenzake wala kuziba alichochimba.

Makokha alitutazama. "Kwa hiyo nanunua nyumba, au naajiriwa?"

"Vyote viwili!" Nyakundi akasema.

"Nachukua jembe siku gani?"

"Yoyote utakayopenda. Wewe ndiye bosi."

Wakili alifuta Ijumaa kwa kalamu, akaandika upya, tukatia sahihi pembeni mwa kila mstari uliofutwa, wote tisa. Mthamini alikuja wiki ile ile. Safari hii alipita juu ya kalvati mara mbili kwa gari, akateremka, akachungulia chini, akasoma makubaliano. Hakucheka. Ripoti mpya ikairudisha bei pale pale tulipokuwa tumepatana mwanzo, siku ile tulipoomba pamoja.

Naandika haya nikiwa Nyamira. Mama Moraa anatembea hadi zahanati na kurudi bila fimbo. Mlango ni wa kijani kibichi. Mungu ametutendea mema, nami sina la kumdai.

Sasa niseme nilichojifunza, na wataalamu mtanisahihisha.

Ukinunua ploti, usiulize bei ya ardhi peke yake. Uliza njia ni ya nani, na nani anaitengeneza. Ukiambiwa tunaelewana, omba karatasi. Ukipewa karatasi, itazame kama inasema kazi yenyewe au inasema nia njema tu, na kama itamfunga anayekuja baada yako. Vigae havikunisaidia. Maparachichi hayakunisaidia. Barabara ya hatua mia mbili ndiyo iliyotaka kuzuia nyumba ya mke wangu.

Na la pili si la sheria. Mimi nimefundisha watoto wa watu miaka mingi wasiogope kuuliza maswali. Halafu nikaishi na majirani bila kuwauliza hata moja, nikaliita jambo hilo heshima. Kulikuwa na heshima ndani yake, sikatai. Lakini zaidi ulikuwa ni uvivu uliovaa suti ya Sabato.

Juzi Makokha alinipigia simu. Alisema barabara iko salama, ila amelazimika kumzuia Ombati, ambaye alianza kukata mtaro mwingine mdogo kuelekea migomba ya nyuma. Nikamuuliza alimzuiaje. Akasema, "Nilimuuliza anafanya nini, mzee. Akaacha."

Wakuu, nakaribisha maoni na mbinu zenu, hasa mliowahi kuandikisha makubaliano ya namna hii kwenye hati. Lakini wewe unayeishi kwenye njia ya pamoja, kabla hujaandika lolote hapa, toka kwanza nje. Muulize jirani yako alifanya nini barabarani Jumamosi iliyopita. Kisha urudi utuambie alivyokujibu.